Tulipogawana Wageni

Mimi ni mtu wa Maguu, milimani Mbinga, na ziwa naliogopa. Nasema mapema ili asitokee wa kunisifu mbele ya safari. Nilikulia kwenye miteremko ya kahawa na mashamba ya ngolo, yale mashimo tunayochimba ubavuni mwa mlima ili mvua isiondoke na udongo. Kwetu maji mengi kuliko yote ni yale yanayotuama humo shimoni baada ya mvua, na mtoto akitumbukia anatoka na tope tu, kisha anachapwa. Halafu serikali ikanipa kazi ya afisa maendeleo ya jamii, ikanishusha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo kila mlango unatazama maji. Wanyasa walinipokea kwa utani. Walisema Mmatengo kama mimi afungwe kamba kiunoni asije akabebwa na wimbi la kuoshea vyombo. Nami nikawaambia kwamba wao wakipanda kwetu hupumua kama mbuzi aliyekabwa. Tukaishi vizuri.

Kisha wageni wakaanza kuja. Ndivyo tulivyowaita, wageni, kwa sababu neno mkimbizi tulilizoea redioni na hawa walikuwa wanatuamkia kwa Kinyasa. Walitoka kusini, ng'ambo ya mpaka, wakiwakimbia watu wenye mapanga na bunduki. Wengine walikuwa wametembea porini mpaka wakafika ziwani, wakapakiwa kwenye mitumbwi ya watu wasiowajua. Walishuka wakiwa na masufuria, magodoro yaliyolowa, kuku mmoja mmoja. Wengi hawakuwa na kitu.

Niliogopa, na sikuwa na pa kuificha hofu yangu. Niliogopa kwamba waliowafukuza wangevuka nyuma yao. Niliogopa kipindupindu, maana ziwa hilo hilo ndilo la kunywa, kuogea na kufulia. Niliogopa zaidi kwamba watu wangeniuliza "Mama maendeleo, tufanyeje?" na mimi sikujua tufanyeje. Halmashauri yetu ilikuwa na gari moja zima na hema la kukodisha harusini.

Ndipo ukaja ule urafiki wa miji. Kuna mji mmoja kule magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika, ambao umekuwa ukipokea wakimbizi tangu kabla sijazaliwa. Viongozi wake walikuwa wamekutana na wetu kwenye mkutano wa serikali za mitaa, wakakubaliana kwamba anayejua amsaidie asiyejua. Mji mwingine wa Ulaya, rafiki wa ule wa magharibi, ukachangia vifaa. Basi tukaletewa mahema, ndoo zenye koki, malori mawili ya kuazima, na mama mmoja. Kila kitu kiliandikwa jina la mji ule kwa rangi ya buluu, herufi kubwa kama za duka la soda. Mama peke yake ndiye ambaye hakuandikwa.

Alikuwa afisa ustawi wa jamii aliyekaribia kustaafu, mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamuru. Alilala nyumbani kwangu. Aliniita mdogo wangu, akakagua jiko langu siku ya kwanza, akaniambia dagaa wa kwao ni watamu kuliko usipa wetu. Nilimwambia anayekula kwa mtu hapimi. Akacheka na kuongeza tonge. Nilimpenda, hasa kwa sababu hakuonekana kuogopa chochote, na mimi nilikuwa nahitaji mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba.

Somo lake kubwa lilikuwa chungu. "Watu wakifika wamechanganyikiwa," alisema, "usiwaulize nani mke wa nani na nani mtoto wa nani. Mmoja atalia, mwingine atadanganya kwa woga. Uliza nani wanakula chungu kimoja. Wanaokula pamoja hao ni familia, wapande pamoja, walale hema moja. Kwetu njia hii haijawahi kututupa." Nilimwamini. Mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, ningembishia nini mimi?

Ila yeye hakujua, nami sikuulizia, kilichokuwa kimefanyika kwenye kijiji kimoja kusini mwa Mbamba Bay kabla hatujafika. Huko watu walishuka kwenye mitumbwi asubuhi, kundi kubwa, na wanawake wazee wa kijiji wakafanya kile wanachokifanya siku zote watu wenye majonzi wanapofika. Waliwagawana. Msiba ukitokea huko ufukweni wageni hawarundikwi nyumba moja. Wanagawanywa kwa majirani, huyu kwangu, wale wawili kwako, ili mzigo usimwangukie mmoja. Na mfiwa mwenye watoto hapewi watoto wake alale nao. Watoto huchukuliwa na wengine mpaka matanga yaishe, ili mama apate kulia na kulala. Hiyo ni heshima. Asiyetendewa hivyo angeuliza amewakosea nini.

Alikuwepo dada mmoja aliyeshuka na watoto watatu: kichanga anayenyonya, mvulana aliyekuwa mkubwa wao, na msichana wa kama miaka sita. Mume wake alibaki huko walikotoka, na hakusema alibaki vipi. Mke wa mwenyekiti wa kijiji alimchukua yeye na kichanga chake. Mvulana akaenda kwa mwalimu wa kanisani. Msichana akachukuliwa na bibi mmoja mjane aliyekaa mwisho wa kijiji, penye mawe makubwa. Dada yule hakukataa. Alikuwa hana nguvu hata ya kukataa maji.

Mimi na mama mgeni, yule wa magharibi, tulipofika tukaanza kupita nyumba kwa nyumba tukiuliza habari ya vyungu. Kwa mwenyekiti tukaambiwa mgeni mmoja na kichanga. Kwa mwalimu, mvulana mmoja. Kwa yule bibi tulimkuta msichana anabangua karanga kwenye ungo. "Hapa mnakula wangapi, bibi?" nikauliza. "Mimi na mjukuu wangu," akasema. Huo haukuwa uongo kwake. Bibi wa ufukweni ana mjukuu katika kila mtoto anayekaa jikoni kwake. Nilimsalimia mtoto, akaitika kwa Kinyasa kile kile cha watoto wote wa pale, tukaendelea na nyumba nyingine. Huko magharibi mgeni angejulikana kwa lugha. Hapa maji ni mamoja na lugha ni moja.

Siku ya kuondoka malori yakaja. Wageni walitakiwa kupanda Mbinga, ambako shule moja iliyokuwa kwenye likizo ilifanywa kituo cha mapokezi, mbali na mpaka. Dada yule alipanda lori la kwanza kwa sababu kichanga chake kilikuwa na homa. Wanawake wa kijiji walimwambia asiwe na wasiwasi, watoto wakubwa wangekuja na lori la pili. Walisema hivyo kwa nia njema, nami nikaitikia kwa kichwa.

Mbinga kulikuwa na ukungu na baridi, na watu wa ziwani walikuwa wamejikunyata kwenye ukumbi wa shule wakiwa wamejifunga kanga mpaka masikioni. Nilifurahi kuwa nyumbani kidogo. Tulikuwa tunagawa uji lori la pili lilipofika. Dada yule akatoka nje akasimama karibu na tairi. Mvulana wake akashuka. Yeye akaendelea kutazama nyuma ya lori. Watu wakashuka, wakaisha, dereva akafunga mlango wa nyuma.

"Mdogo wako yuko wapi?" akamuuliza mwanawe.

Mvulana akamtazama. "Si yuko na wewe?"

Dada hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye changarawe, na kichanga mgongoni, akawa anachota changarawe na kuzimwaga. Nilimwinamia nikimwambia maneno ambayo hata sijui yalikuwa nini. Mama mgeni alikuja na bakuli la uji mkononi, nikamweleza habari ya matanga, ya kugawana, ya kuwapumzisha wafiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliweka bakuli chini, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umebadilika.

"Kwa hiyo tumewahesabu kwa vyungu vya wenyeji wao," akasema.

Tuliteremka mchana ule ule na gari la halmashauri, dada yule katikati yetu, kichanga na mvulana wakiwa wamebaki kituoni kwa muuguzi. Njia nzima nilikuwa nawaza mambo ambayo sikuthubutu kuyataja. Msichana anatembea peke yake kulifuata lori. Msichana anarudi ufukweni kumtafuta mama yake alikomwona mara ya mwisho, penye maji. Nilisali Salamu Maria mpaka nikawa nachanganya maneno.

Nyumba ya bibi ilikuwa na kufuli. Uwanja ulikuwa umefagiwa, kuku hawapo, chungu kimegeuzwa mdomo chini. Majirani walitusalimia vizuri mno, na kila tulipouliza walisema labda ameenda shamba. Nilikuwa nimekaa nao vya kutosha kujua "labda" ile. Nikawaka. Niliwaambia wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba kuna mama hapa hajala tangu asubuhi, na kama kuna anayejua akanyamaza basi akae na ukimya wake siku mwanawe atakapopotea. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi iliniogopesha. Ndipo mwenyekiti akanivuta pembeni.

"Mama maendeleo, usiwalaumu," akasema. "Watu wameyasoma malori. Yameandikwa jina la mji wa mbali. Mahema nayo hivyo hivyo, mpaka ndoo. Pakavuma kwamba kila kinachopakiwa humo kinapelekwa huko, na kwamba watoto watatangulia."

"Nani kasema?"

"Imevuma tu." Alikuna kichwa. "Na bibi yule ana kisa chake. Kaka yake alichukuliwa na lori zamani za manamba, kwenda kukata mkonge Tanga. Aliambiwa msimu mmoja. Hakurudi, wala barua. Leo asubuhi lori lilipounguruma tu, bibi alimchukua mtoto akapanda mtumbwi."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilielewa, na kuelewa hakukunisaidia. Bibi mzee na mtoto wa miaka sita walikuwa wametoka na mtumbwi wa kuchonga, na mchana kutwa mwera ulikuwa ukivuma, ule upepo wa kusini unaowafanya hata wavuvi wenyewe wavute vyombo vyao juu mchangani. Mwenyekiti alisema lazima wawe wameelekea alikozaliwa bibi, kwenye kitongoji cha wavuvi chini ya milima. Hakuna barabara ya kufika huko.

Nilimwomba anihakikishie kwamba wamefika. Alisema, "Mungu ni mwema." Ningependa angesema kitu kingine.

Asubuhi tukapanda boti ya mashine ya mvuvi mmoja. Alisema upepo umepungua. Kama ule ulikuwa umepungua, nashukuru sikuuona ulipokuwa umejaa. Boti ilipanda na kushuka. Nilishika ubao kwa mikono miwili. Mama mgeni alikaa ubavuni pangu akiwa ameufumba mdomo, na ghafla akanishika mkono akaubana mpaka vidole vikauma.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi sijui kuogelea."

"Si umezaliwa ziwani?"

"Nimezaliwa ziwani, nimekulia ofisini."

Siku nyingine ningecheka. Nilikuwa nimemfanya yeye kuwa ukuta wa kujificha nyuma yake, na sasa ukuta wenyewe ulikuwa unatapika pembeni mwa boti. Nikaogopa mara mbili. Dada yule alikaa mbele kabisa, akichota maji yaliyoingia kwa kopo la rangi na kuyamwaga nje, akichota na kumwaga, bila kugeuka. Alikuwa amevuka ziwa hili na wanawe wote watatu salama. Nadhani tulikuwa tunawaza jambo moja, kwamba sisi tuliokuja kumsaidia ndio tuliompotezea mmoja.

Tulipozunguka rasi ya mawe tukaona ufukwe mdogo na nyumba chache za nyasi, na mtumbwi. Ulikuwa umepinduliwa, tumbo juu, nusu kwenye mchanga na nusu majini. Sikuona mtu. Nikamtazama mvuvi wetu, naye akawa anautazama mtumbwi, na huo ulikuwa wakati mbaya kuliko wote katika kazi yangu yote. Dada alisimama wima kwenye boti. Mvuvi akamwambia kaa chini, dada, utatuzamisha, naye hakukaa.

Kisha mwanamume akatokea nyuma ya mtumbwi na kipande cha lami mkononi. Alikuwa anauziba ufa. Akatupungia mkono kama jirani anayeona wageni wa kawaida.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni pa jiko la mpwa wake, anamenya mihogo. Alituona tangu mbali na hakuinuka. Nikamwendea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja na lori lenu?"

"Lori haliwezi kufika hapa, bibi."

"Ndiyo maana niko hapa," akasema, akaendelea kumenya.

Mama mgeni alijikokota akaja, kanga imelowa, akaamkia naye ingawa umri wao haukupishana sana, akakaa chini mchangani. Nilimngojea atoe ile sauti yake ya kuamuru. Hakuitoa.

"Mnampeleka wapi mtoto?" bibi akamuuliza.

"Mbinga kwanza, kwa ndugu zake. Baada ya Mbinga itaamua serikali. Mimi sijui, mama."

"Jina lililoandikwa kwenye malori ni la wapi?"

"Ni la kwetu. Tuliandika ili watu wajue ni nani aliyewasaidia."

Bibi aliweka kisu chini. "Basi watu wamejua," akasema. Aliufuta mkono kwenye kanga. "Alikuwa analia akitaka mama yake. Nilimwambia mama anakuja. Mlidhani mimi ni mwizi wa watoto?"

"Hapana, bibi," nikasema, na hapo nikalia. Hofu niliyokuwa nimeibeba tangu jana ilinitokea machoni mbele ya watu wote, na sikujali.

Dada yule alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote huo. Sasa akaja, akapiga magoti mbele ya bibi. Nilidhani atamlaumu, na angekuwa na haki. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Alimshika bibi magoti kwa mikono miwili, akamwambia kwa lugha yao, "Ahsante kwa kumlea. Nimekuja kumchukua." Bibi akamgusa kichwani. Halafu akageuza uso kuelekea nyuma ya nyumba, akaita.

Msichana akatoka na kikombe cha bati mkononi. Alikuwa ameogeshwa, nywele zimesukwa mistari mipya. Akamwona mama yake. Nilisubiri akimbie, kama tunavyopenda mtoto akimbie. Dada alifungua mikono. Mtoto akasimama, kisha akatembea polepole, akapita pembeni ya mikono ile, akaenda kusimama nyuma ya mgongo wa bibi na kushika kanga yake. Kutoka hapo ndipo akauliza. Kinyasa changu ni kibovu lakini hayo niliyaelewa.

"Leo unaniacha kwa nani?"

Bibi aliangalia mihogo yake. Mama mgeni aliangalia chini. Dada alibaki amepiga magoti na mikono imefunguka, muda mrefu mpaka mimi nikashindwa kutazama. Kisha akajivuta kwa magoti akakizunguka kigoda cha bibi, akamwinua mtoto, akamweka mgongoni na kumfunga kwa kitenge, mtoto mkubwa kiasi kile, miguu ikimning'inia mpaka karibu na magoti yake. Alipanda naye boti hivyo. Mvuvi alimshauri amfungue, kwamba boti ikizama watazama wote wawili. Alimwitikia, na hakumfungua mpaka Mbinga.